Kumtafsiria Mama Mkwe Habari za Upasuaji

Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Kwa hivyo nani alifaa kusikiliza habari za haja kubwa ya mama mkwe kuliko mimi?

Nisiwaonee watu. Mke wangu alinyimwa ruhusa kiwandani Mavoko, daktari hakujua Kikamba, na mama mkwe, mkulima kutoka Kalama, alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Kila akienda choo, mwisho wa utumbo ulitoka nje, akaurudisha kwa mkono. Alificha miaka mingi. Sasa ulikuwa umeanza kukataa kurudi.

Niliketi chumbani kwa daktari nikiangalia ukuta. Mama aliangalia dirisha. Daktari alituangalia kama wagonjwa wawili.

"Kuna njia mbili," akasema. "Kupitia chini, tunakata kinachotoka na kushona. Ni nyepesi kwa mzee, lakini shida inaweza kurudi. Kupitia tumboni, tunauvuta utumbo juu na kuushonea kwenye mfupa wa mgongo. Hiyo inashika zaidi, ila lazima alazwe usingizi kabisa. Moyo wake tumepima, uko sawa."

Mimi niliishia darasa la saba. Sijui kama nilitafsiri vizuri. Nilisema "kule" mara nyingi mno. Daktari hata akachora. Picha safi kabisa, asante daktari.

Mama akaliambia dirisha kwa Kikamba, "Mwambie niko mzima. Twende nyumbani."

Nikatafsiri, kazi ni kazi.

"Siku moja utakwama nje, damu ikose kupita, uoze," daktari akasema. "Mwambie na hiyo."

Nikamwambia. Halafu akaniuliza mimi, si dirisha, "Angekuwa mama yako, ungemwambia nini?"

"Tumboni, mama." Papo hapo nikaogopa: na asipoamka?

"Basi wanipasue. Lakini wewe toka nje. Umesikia ya kutosha."

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nikijilaumu kwa neno moja, mpaka nesi akatokea.

"Mama ameamka. Anasema mkwe wake aende akale."

Nikaenda kantini nikala githeri, hata yale mahindi magumu. Sikuwa na njaa, lakini mama mkwe habishiwi.