Paiki Aliyekuwa na Mwenyewe

Miaka mitatu Birmingham, na hakuna Mwingereza aliyewahi kukanyaga chumba chetu cha mtaa wa Bordesley Green. Ndiyo maana Jumapili ile ya Novemba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliamka na furaha ya kitoto. Mwenzangu wa kiwandani, Mwingereza mtu mzima aliyesimama kwenye mashine ya pili kutoka yangu, alikuwa ananipeleka kuvua, na jioni angekuja kula kwetu. Mke wangu alikuwa ameazima sahani ya tatu kwa jirani, Mhindi aliyetoka Kampala.

Tulikwenda kwa gari lake mpaka kwenye mfereji wa kutoa maji mashambani, mbali mashariki ya mji. Maji yalikuwa meusi, yamenyooka, yametulia tuli. Tulimtafuta paiki, samaki mrefu mwenye meno kama msumeno, anayekula samaki wenzake. Kwa muda wa saa nne tulikaa kimya, vidole vimekufa ganzi, nami nikimlaani kimoyomoyo aliyebuni starehe ya namna hii.

Mchana ulipoanza kufifia mwenzangu alirudi garini kuchukua chai. Hapo ndipo boya langu lilipozama. Nilivuta, nikavuta, akatokea jike kubwa, pezi lake la mgongoni limekatika ncha. Nikamtoa kwa wavu. Mama yangu aliuza samaki Kisumu, na alinifunza kwamba samaki haachwi ahangaike: unampiga mara moja nyuma ya macho, nyama isilegee. Nikaokota jiwe. Kisha, kwa vile nilitaka kumfurahisha mgeni wangu wa jioni, nikampasua kwa kisu, nikamtoa matumbo, nikamwosha, nikamfunga vizuri kwenye gazeti.

Aliporudi nilimpa kile kifurushi kwa mikono miwili.

"Chakula chetu cha jioni," nikamwambia.

Alifunua gazeti. Akaligusa lile pezi lililokatika.

"Huyu namjua," alisema polepole. "Nimemvua mara nne. Kila mara namrudisha."

Sikuelewa. Amrudishe wapi? Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia samaki anavuliwa kisha anarudishwa majini. Lakini uso wake niliuelewa. Nikaomba radhi, nikaomba tena. Akasema si kitu, akanimiminia chai mimi kwanza, ya kwake akaimwaga kwenye nyasi bila kuionja. Angenitukana ningepata nafuu.

Akanirudisha nyumbani. Mlangoni kwetu hakuzima injini. Nilimwambia chakula hakitachelewa, mke wangu amejiandaa tangu asubuhi. Akasema kichwa kinamuuma, tutaonana kazini. Tulionana kazini miaka sita zaidi, na kila asubuhi alinisalimu kwa adabu, basi.

Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alitazama kifurushi, akatazama mlango nyuma yangu.

"Mgeni yuko wapi? Na hii samaki yote sasa tutakula na nani?"

Nikamwambia amepata udhuru. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Tulimkaanga, tukamla wawili, tukitema miiba. Kesho yake asubuhi mke wangu aliirudisha ile sahani kwa jirani. Hakuwa na haja ya kuiosha.