Daraja la Kijani na Bustani Isiyo na Mchicha

Picha hiyo iko ukutani kwangu mpaka leo, juu ya debe la unga, na moshi umeshaanza kuila pembeni. Ni daraja la kijani lililopinda. Chini yake kuna maji yaliyotulia, na juu ya maji kumejaa madoa meupe na mekundu. Mimi nimeishia darasa la nne, aliyeichora simjui. Aliyesababisha niipate ndiye ninayemjua: shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, hapa hapa Gendabi.

Mume wangu alikuwa ameweka magogo mawili ya mkaratusi juu ya korongo, nipate kuvuka kwenda kwenye bustani yangu. Alipofariki, shemeji akachukua moja akajengea zizi lake, pale akaweka gogo lililoliwa na mchwa. Aliyemsaidia kulibeba ni mwenyekiti wa kitongoji. Nasema wazi, hata wao hawajawahi kukataa. Masika ilipofika, nikiwa na kikapu cha mboga ya chainizi kichwani, gogo likakatika. Maji yakanibeba mpaka kwenye mizizi ya mgunga, nikaishika, nikapiga kelele mpaka watu wakaja. Nyonga ilikuwa imevunjika. Kikapu sijakiona tena.

Nililazwa hospitali ya Haydom, na picha hiyo ilikuwa ukutani mbele ya kitanda changu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja wa Dongobesh, mwenye macho makali kuliko mimi.

“Lile lambo limewashinda wenyewe,” akasema siku ya kwanza, akiyanyooshea kidole maji ya pichani. “Tazama magugu.”

“Yale ni maua, bibi,” nesi akamwambia. “Yanaota majini. Hiyo ni bustani.”

“Bustani? Mchicha uko wapi?”

“Hakuna mchicha.”

“Vitunguu?”

“Hakuna, bibi. Ni ya kutazama tu.”

Bibi akanigeukia. “Umesikia, mwanangu? Watu wana maji yote hayo, hawana hata mboga ya figiri. Na daraja la nini? Maji yenyewe hayaendi popote. Si wazunguke!”

Nilicheka mpaka nyonga ikaniuma. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu nianguke korongoni.

Shemeji alikuja kuniona mara moja, na ndizi mbivu. Akakaa pembeni ya kitanda, akasema kwa upole, “Usiwe na wasiwasi na bustani, shemeji. Nimeshaishika mimi. Wewe na mguu huo utavukaje? Na isitoshe, ile ni bustani tu.”

Bustani tu! Vitunguu saumu vya bustani ile ndivyo vilivyonivalisha na kunilisha tangu nifiwe. Nikageuka ukutani mpaka akaondoka. Ndizi nilimpa bibi.

Nilipopewa magongo, nesi aliniuliza nataka kutembea mpaka wapi. Nikasema, mpaka kwenye daraja lile. Hatua saba. Nilizitembea nikitokwa jasho, na nilipofika, daraja halipo! Ni madoa tu, kama ya mtu aliyekuwa akipangusa brashi. Nikasema nimedanganywa. Nikarudi kitandani kwa hasira, nikageuka: daraja liko pale pale, maji yanang'aa.

“Ukilisogelea linapotea,” nikamwambia bibi.

“Kama ndugu wengine,” akajibu, naye akiendelea kumenya ndizi ya shemeji.

Siku ya kuondoka walikuwa wanapaka rangi wodi, picha zimeshushwa sakafuni. Nesi akaniona nikiitazama. “Chukua, mama,” akasema. Nikaja nayo kwenye basi, nimeipakata kama mtoto.

Nyumbani wazee walikaa uani kwangu kusuluhisha. Wakamwambia shemeji atoe mbuzi na pombe, tuyamalize. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote, maana pombe ile angekunywa na yeye. Nikasema shikamooni wazee wangu, mbuzi sitaki. Nikaingia ndani, nikatoka na picha, nikaiegemeza kwenye kigoda.

“Nataka hili.”

Wakacheka. Shemeji akacheka kuliko wote. “Shemeji, hili ni daraja la Wazungu! Limepanda, limeshuka, utafikiri mgongo wa punda.”

“Lipande.”

“Na hivi vyuma vya pembeni?”

“Vya kushikilia. Mwenye nyonga moja anashikilia.”

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akainama karibu na picha, akakunja uso, akasogea nyuma hatua tatu, akasema, “Aa. Kumbe.” Akamgeukia shemeji. “Utajenga.”

Akajenga, na fundi aliyemleta kutoka Nangwa. Mkaratusi wangu ulitolewa zizini, nilisimama pale pale ukitolewa. Mwenyekiti alibeba mbele, shemeji nyuma, kama walivyolibeba lile bovu. Vyuma havikupatikana, wakaweka mbao, wakazipaka rangi ya kijani ya milango. Halikupinda sana. Limepinda kidogo, kama mtu anayeanza kuzeeka.

Siku ya kuvuka shemeji alisimama ng'ambo, amenyoosha mkono. “Shika, shemeji.”

Sikuushika. Nilishika mbao, nikaenda. Katikati nikasikia lile gogo likikatika tena masikioni. Nikasimama. Maji chini yalikuwa ya tope, madoa ya jua yakicheza juu yake, mekundu, meupe. Nikaelewa kwa nini watu walijenga daraja kwenye maji yasiyokwenda popote. Wanasimama kutazama, basi.

Kisha nikainua macho nikaona bustani yangu. Mahindi ya shemeji yamefika magotini, na kati yake vitunguu saumu vyangu vimesongwa na magugu, vile vile kama lambo la bibi.

Sijamsamehe, wala simwambii nimemsamehe. Ila siku hiyo nilikuwa nimesimama juu ya maji na sikuanguka, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

“Shemeji,” nikamwita kutoka katikati ya daraja. “Usisimame tu hapo. Jembe liko wapi?”