Mama Mkwe Kwenye Kibodi

Kiraka alikuwa na furaha iliyomzidi kimo, na furaha ya namna hiyo haikai kitako. Jina hilo wenzake walimpa kwa kuziba matundu ya programu. Tangu mwaka jana alikuwa akikirekebisha kisakinishi, ile programu inayoingiza mfumo kwenye kompyuta, kifanye kazi na kiini kingine, yaani moyo wa mfumo unaosemezana na vyuma. Kisakinishi kiliita diski kwa jina lililozoeleka kwenye kiini cha zamani. Kiini kipya kikakaa kimya kama mtu aliyeitwa jina la jirani. Jana ndipo vilipoitikiana, na Kiraka akacheza peke yake sebuleni mpaka akamwaga chai.

Lakini kundi lao la watengeneza mfumo lina desturi: kazi haipokewi mpaka mtu asiyejua kompyuta aimalize mwenyewe, aliyeitengeneza akiwa kimya. Akishindwa, kiini kipya kinaachwa nje ya toleo lijalo la mfumo, na jasho lote limekwenda na maji. Aliyepatikana nyumbani siku hiyo ni mama mkwe.

Msimamizi wa kundi alitazama kupitia simu. Mama mkwe akavaa miwani, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, taratibu. Mambo yakaenda mserereko. Kiraka aliikalia mikono yake, akicheka ndani kwa ndani. Kisha kioo kikauliza: futa kila kilichomo kwenye diski?

“Sifuti,” mama mkwe akasema. “Vitu vya watu hivi.”

Akabonyeza hapana. Swali likarudi. Hapana tena. Diskini mlikuwa na mfumo mkuukuu tu, asiouhitaji mtu, ila Kiraka angesemaje?

Mama mkwe akashuka mpaka chini kabisa, kwenye chaguo ambalo Kiraka hakuwahi kulijaribu kwa kiini kipya: uache mfumo wa zamani, upunguze nafasi yake, uweke mpya pembeni. Akabonyeza. Kiraka akafumba macho, kicheko cha woga kikamtoka puani.

Mashine ikazimika, ikawaka. Mifumo miwili ikajipanga kwenye kioo, wa zamani na mpya, ikisubiri kuchaguliwa.

“Imepokewa,” msimamizi akasema.

Kiraka akamrukia mama mkwe shingoni, miwani ikaanguka. “Mama, ulijuaje kama patatosha?”

“Wewe ulipoolewa humu,” mama mkwe akasema, akiipapasa miwani sakafuni, “nilikupa nusu ya kabati la vyombo. Kwani nilitupa sufuria zangu?”