Herufi Mbili za Mama

Kuna gesti moja Manyamanyama, pale Bunda, ambayo hadi leo nikipita mbele yake nasonya. Yenyewe haijanikosea kitu. Ina ukuta wa bluu na geti la bati, na mhudumu wake wa zamani alikuwa mama mpole aliyetuchemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Lakini ni mle ndani baba alimotugeuza wageni, Desemba baada ya Desemba, na hasira ya jambo hilo bado ninayo.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwao ni Butiama, na Butiama neno mwalimu lina mwenyewe, kwa hiyo yeye walimwita Ticha. Alipata kazi nje ya nchi kabla sijazaliwa. Tulianzia Ndola, Zambia, tukahamia Maseru, Lesotho, tukaishia Gaborone, Botswana. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka tulirudi nyumbani kwa mabasi na kwa treni ya Kapiri Mposhi. Tulishuka Mbeya tukapanda mabasi tena hadi Mwanza, miguu imevimba, kaka yangu anatapika kwenye mfuko. Tukifika Bunda, ambako ukipata gari unaingia Butiama siku hiyohiyo na jua bado liko juu, baba anasema, "Tulale hapa. Hatuwezi kuingia nyumbani tumechakaa hivi."

Basi tunalala gesti. Asubuhi baba anaazima pasi ya mkaa na kunyoosha suti yake mwenyewe, maana hamwamini mtu yeyote na mikunjo ya suruali. Kaka na mimi tunavalishwa viatu vipya vilivyosafiri ndani ya sanduku, vigumu, vinavyokata visigino. Mama anavaa wigi ambalo alilichukia kuliko kitu chochote alichonacho. Kisha baba anakodi teksi. Basi la Musoma lingetushusha Makutano tukadandia gari la Butiama kama watu wengine, lakini Ticha hakutaka kufika kama watu wengine. Tunashuka uani kwa bibi tunanukia sabuni, na ndugu waliokuwa wakipukuchua mahindi wanasimama wote, wanajifuta mikono kwanza ndipo watusalimie.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo kila mtu anaujua. Sisi hatukupewa jembe hata mwezi ulipokatika. Tulipewa viti. Tulisongewa ugali mweupe wa sembe wakati binamu zetu wanakula wa muhogo na mtama. Sato walitoka soko la samaki la Mwigobero, Musoma, wamefungwa kwenye gazeti, wakawekwa mezani mbele yetu, na firigisi ya kuku ilikuwa ya baba, hakuna aliyethubutu hata kuitazama. Jikoni walikuwa na dagaa wa nyanya na pilipili. Binamu zangu waliwachota kwa vidole kutoka sinia moja, wakigombana na kucheka, na mimi nilitamani dagaa wale hadi machozi yakanitoka. Kila nikijisogeza, shangazi alinishika mkono akanirudisha sebuleni kwa upole. "Rudi ukae, mwanangu. Huku kuna moshi. Mgeni halagi dagaa."

Kila aliyekuja kutuona aliuliza mmefika lini, na kabla hajamaliza chai aliuliza mnaondoka lini. Hawakuwa na nia mbaya. Baba alijibu yote mawili kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani, na mimi nikakaa pale na viatu vyangu nikiona aibu, sijui ya nini.

Sikuweza hata kubishana na shangazi, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa cha redio. Binamu zangu walinipa jina hilohilo, Redio. Hilo nalo lilikuwa kazi ya baba. Mama ni mtu wa ziwani, wa kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Musoma mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mara: nilikuwaga, anakujaga, tunakulaga. Ukiweka hiyo ga mwishoni, husemi jambo la leo. Unasema jambo ulilolizoea, ulilonalo siku zote. Baba hakuweza kuivumilia. Tukiwa mezani Ndola, mama akisema, "Kwetu tunakulaga furu," akikumbuka vile visamaki vyao vya ziwani, baba anaweka kijiko chini. "Tunakula. Au, huwa tunakula. Usiwaharibie watoto lugha."

Alimsahihisha mbele yetu. Alimsahihisha mbele ya Watanzania wenzetu waliokuja Jumapili, na mara moja mbele ya padri. Mama akapunguza zile ga zake, kisha akapunguza maneno yenyewe. Tulipofika Maseru alikuwa mwanamke wa ndiyo na hapana, na watu wakampongeza baba kwamba ana mke mwenye heshima. Baba akashukuru!

Yeye neno lake lilikuwa mwakani. Mwakani tunarudi nyumbani moja kwa moja. Kwa ajili ya mwakani, masanduku yalikaa juu ya kabati, vyombo vizuri vilibaki kwenye boksi, na tulikalia viti vya kuazima shuleni. Tukija na maneno ya Kisotho kutoka kucheza, alitukataza: mwakani mtakitumia wapi? Ndola mama alipanda mpapai nyuma ya jiko. Baba akamuuliza nani atakula matunda yake. Mama akaacha kuumwagilia, ukanyauka. Tulikaa katika nyumba ile hadi majirani waliopanda wakati huohuo wakawa wanatuletea mapapai kwa beseni, na baba aliyakata vipande vya ukubwa sawa, akala, akasema ni matamu.

Bibi mzaa mama alifariki tukiwa Maseru. Ilikuwa wiki ya mitihani. Baba alieleza kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma hadi leo, kwamba safari ni ndefu, tutakuta wameshazika, mwakani tutakwenda kuzuru kaburi. Mama alijifunika kanga akakaa jikoni. Mwakani ilipofika tulikwenda kijijini kwao asubuhi na tukaondoka jioni ileile, kwa sababu Butiama walikuwa wametupikia. Mama alisimama kaburini na viatu vya kisigino kirefu vikizama mchangani. Akavivua. Baba akamwambia avivae, watu wanaangalia. Akavivaa.

Mimi nilikuwa wa kwanza kurudi. Nilimaliza shule Gaborone, nikajifunza kushona, nikaja kufungua kibanda Musoma, na nikapokea matusi yote ya baba kwenye simu kuhusu elimu niliyoitupa. Kisha yeye mwenyewe akastaafu, na mwakani ikafika kweli. Walirudi Butiama, kwenye nyumba ya tofali aliyokuwa ameijenga kidogo kidogo, yenye makochi ambayo hatukuwahi kuwa nayo kokote tulikoishi.

Hakuna aliyempa mama jembe. Alilichukua mwenyewe nyuma ya mlango wa shangazi, akaenda kulima. Wigi lilifia kwenye mfuko wa rambo. Alipanda mihogo, mtama na maharage, na nyuma ya jiko akapanda mipapai mitatu. Akajiunga na jumuiya, akaimba kwaya kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo. Akija Mwigobero kununua dagaa alipitia kibandani kwangu na kuongea mpaka wateja wakasubiri: Mama fulani anakopaga halipagi, yule fundi anakujaga amelewa, kuku wangu wanatagaga kwa jirani. Ga zote za miaka ile zilikuwa zimemjaa, sasa anazimwaga. Nilimsikiliza huku nashona, na nilifurahi, lakini chini ya furaha niliwaka, maana huyu mama mcheshi alikuwepo muda wote nami sikulelewa naye.

Na baba? Baba alinuna. Umeme unakatika. Ndugu wanaingia bila kupiga hodi. Jogoo wanawika asubuhi kabla ya yeye kuamka, kana kwamba jogoo wa Butiama walipaswa kumwomba ruhusa. Kisha siku moja, tumekaa na shangazi, akasema, "Kwetu Gaborone, maji hayakatiki hivi."

Kwetu! Nilihisi masikio yanawaka moto. Mtu aliyetunyima kwetu Ndola, akatunyima Maseru, akatunyima Gaborone yenyewe, leo anasema kwetu. Shangazi aliinamisha uso. Mama aliendelea kuchambua mchele.

Hazikupita siku nyingi baba akanipigia simu. Kaka yangu, aliyebaki Botswana na kuoa huko, yuko tayari kuwapokea. Nije nimsaidie mama kupanga vitu, wanaondoka mwezi huu. Safari hii hakusema mwakani. Nilifunga kibanda nikaenda. Nilikuta masanduku yameshushwa, yamefunguliwa juu ya kitanda, moja lina nguo zake na jingine liko tupu. Mama alikuwa barazani anamenya maharage mabichi.

"Mwambie mama yako aanze," baba aliniambia, ingawa mama alikuwa anamsikia.

"Mimi siendagi," mama akasema.

"Siendi," baba akamsahihisha. Hakufikiri hata kidogo. Mdomo wake ulijiendea wenyewe.

Mama aliweka ungo chini. "Siendi ni ya leo, baba. Mimi siendagi."

Mtu ambaye maisha yake yote alikwenda alikopelekwa! Lakini wote watatu tulielewa amesema nini. Baba akanigeukia mimi nimsaidie, na hapo ndipo nilipopasuka. Nilimfokea. Nilifoka kuhusu mpapai wa Ndola. Nilifoka kuhusu viatu vya kaburini, na kuhusu gesti, na majirani walisimama barabarani wakasikiliza. Mama ndiye aliyeninyamazisha. "Usimfokee baba yako." Akainuka, akaingia chumbani, akakunja mashati ya baba moja moja na kuyapanga kwenye sanduku, vizuri, kola juu. Lile tupu akalirudisha juu ya kabati. Baba aliondoka na sanduku moja.

Desemba iliyopita alikuja. Alinipigia simu mchana. Amefika salama, yuko Manyamanyama, amechoka na vumbi, atalala hapo gesti na kesho ataingia nyumbani. Nilikata simu bila kuaga. Alikuwa mzee, peke yake, na bado alitaka pasi! Asubuhi nikapanda gari kwenda Butiama, nimtangulie, nimwone akishuka, na njiani nilikuwa napanga maneno.

Alishuka kwenye teksi na suti imenyooka. Alikuwa amekonda, shingo inaogelea ndani ya kola. Mama alikuwa shambani nyuma ya nyumba. Alikuja, akajifuta mikono kwanza, ndipo akamsalimia. Akamkaribisha sebuleni kwenye kochi kubwa. Akachinja kuku. Akanituma kwa jirani mwenye jokofu kuchukua sato. Akasonga ugali wa sembe, akaiweka firigisi juu kabisa ya bakuli mahali pa kuonekana, akamnawisha mikono na kumletea kijiko chake. Maneno niliyoyapanga yalinikwama, kwa kuwa sikupata pa kuyaingiza. Mama hakuwa amenuna. Alifanya kila kitu kwa heshima, kama inavyotakiwa.

"Karibu sana, baba," akasema. "Unaondoka lini?"

Baba hakujibu kwa ile sauti ya matokeo. Alisema hajapanga bado.

Mama na mimi tulikwenda kula jikoni, ugali wa muhogo na mtama, dagaa wa nyanya na pilipili, sinia moja. Tulikuwa tumeanza tu baba alipotokea mlangoni na sahani yake mkononi, sato hajaguswa. Alisimama pale kwenye moshi, tai shingoni.

"Nipeni dagaa kidogo," akasema. Kisha, polepole, kama anayejaribu kiatu cha mtu mwingine, "Mimi nakulaga."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimeisikia ga ikitoka kinywani mwake. Hakuna aliyemsahihisha. Nilimtazama mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitaka ampe, hata mmoja tu.

Mama aliinuka. Alimshika mkono akamgeuza, bila ukali wowote, na kumrudisha sebuleni hadi kwenye kochi. "Rudi ukae, baba," nilimsikia akimwambia. "Kule kuna moshi. Mgeni halagi dagaa."

Alirudi akakaa karibu nami, tukaendelea kula. Baadaye tukasikia kutoka sebuleni kijiko kikigonga sahani.