Vipimo Vilivyopotea Saa Nane Mchana

Katika ofisi ile ya maji, ukisikia mtu anasema "hilo kamuulize Bi Waya," ujue limemshinda yeye na limemshinda bosi wake pia. Jina lake la kweli lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Miaka ishirini na sita alikaa chumba kimoja cha chini, chenye dirisha lisilofunguka na feni inayozunguka kwa kusuasua, akiilea seva inayopokea vipimo kutoka vituo sita vya pampu. Seva ni kompyuta tu, isiyozimwa usiku wala mchana, lakini ukimsikia Bi Waya akiizungumzia ungedhani anamsema mkwe wake. "Leo kaamka na kisirani," atakwambia. "Usimguse."

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache makali. Amri yoyote ya kompyuta aliiandika kwanza kwa kalamu, akaisoma kwa sauti, ndipo akaichapa. Ukimcheka, anakuuliza: "Wewe umewahi kufuta kazi ya mwaka mzima kwa kitufe kimoja? Mimi nimewahi. Haya, cheka."

Kituo cha sita, kile cha mlimani, kilikuwa chini ya shemeji yake, mume wa marehemu mdogo wake. Kazi yake haikuwa ya kuumiza kichwa: kila nusu saa asome mita, aingize tarakimu kwenye kompyuta ndogo, abonyeze kutuma. Basi. Lakini tangu mwezi wa pili vipimo vya mlimani vilianza kupotea, na vilipotea kwa saa zao: kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, karibu kila siku. Vituo vitano vingine, hakuna kilichokosa hata kimoja. Saa nane mchana watu wameshakula na jua linawaka. Ofisi ikapata jibu kabla hata swali halijaulizwa. Analala huyo! Wakambandika jina: Popo.

"Shemeji, mimi nimetuma," alimwambia Bi Waya kwenye simu. "Kwangu hapa imeandika 'imetumwa'. Na kwenye daftari nimeandika pia."

"Daftari unaweza kulijaza hata kesho asubuhi. Seva haina sababu ya kukuchukia, shemeji."

Mkuu wa ofisi alipotaka ripoti ya kitaalamu, Bi Waya aliandika sentensi mbili: "Mitambo ni mizima. Kasoro ni ya mwendeshaji." Watu walimsifu kwamba haonei mtu haya hata akiwa wa nyumbani, na tusidanganyane, sifa zile zilimkaa vizuri. Kwa ripoti hiyo shemeji yake alipewa barua ya onyo, na baada ya miezi miwili akapewa ya pili. Ya tatu haikuwa barua tena. Aliitwa kikaoni, Ijumaa saa nne asubuhi, na kila mtu alijua kibarua chake kimeshaota nyasi.

Sasa, Bi Waya mwenyewe alikuwa amebakiza wiki tano astaafu. Jumatatu ya wiki ile Mkuu alimwagiza asasishe programu zote za seva kabla ya kukabidhi ofisi. Mojawapo ilikuwa maktaba ya mawasiliano. Si maktaba ya vitabu, hapana; ni fungu la maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingine huliazima ili ziweze kuzungumza mtandaoni. Kwa seva mpya unaipakua ikiwa tayari, unaendelea na chai yako. Ile ya Bi Waya ilikuwa kuukuu mno, hakuna aliyekuwa akiihangaikia tena. Ilibidi achukue msimbo wenyewe, yaani maandishi kama waandishi wake walivyoyaacha, aijenge maktaba palepale kwenye mashine.

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuruka mistari, alianza na orodha ya marekebisho. Ukurasa wa tatu ulimsimamisha. Ulisema kwamba katika matoleo ya zamani, laini ikikatika ghafla kisha ikarudi, mpokeaji aliendelea kuing'ang'ania laini iliyokufa na kuikataa mpya mpaka saa mbili zipite. Imerekebishwa.

Alisoma mara tatu. Mlimani ndiko pekee vipimo vilikotumwa kwa antena. Walioifunga ni mafundi wa nje, mwezi wa pili, baada ya wachimba barabara kukata waya. Na mlimani upepo wa kutikisa antena huanza saa nane mchana.

"Mungu wangu," alisema, na chumbani hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Jumanne nzima aliimaliza kwenye kazi hiyo. Alifumua faili, akaanzisha ukaguzi unaotazama kama mashine ina kila kinachohitajika. Haina. Ilikosa maktaba nyingine, ya kubana data. Akaitafuta, akaijenga nayo, akarudi. Safari hii ikagoma kwa sababu kigeuzi, ile programu inayogeuza msimbo kuwa kitu cha kutendeka, kilikuwa cha zamani na hakikuelewa mstari mmoja. Mstari wenyewe ulikuwa wa pambo tu wasilolihitaji; akalizima, akaanza upya. Mistari ikaanza kutiririka kwenye kioo, saa nzima na robo, huku maonyo yakimwagika na yeye akiyatazama bila kupepesa. Onyo halikumtisha, alichongojea ni kosa. Halikuja. Jumatano asubuhi alifanya majaribio, yote yakapita. Akaisakinisha, akaizima programu ya vipimo na kuiwasha tena, akakaa kungoja saa nane.

Saa nane upepo ukavuma mlimani. Saa nane na nusu kipimo hakikuja. Saa tisa, hakuna.

Ilimuuma, na maumivu yakageuka hasira. Alijiona mjinga kwa kutumaini, tena kwa ajili ya mtu ambaye, kumbe, ni mvivu kweli. Akampigia simu. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili, na kabla ya salamu sauti ikasema: "Niko macho, shemeji."

"Hata walevi husema hawajalewa," alimjibu, akakata.

Alhamisi asubuhi alikuwa akiandika maelezo ya makabidhiano. Alitaka kuandika mahali ilipo maktaba mpya, na hakuwa na desturi ya kuandika kitu asichokiona kwa macho. Akaiuliza programu ya vipimo: ukiamka, maktaba ya mawasiliano unaichukua wapi? Programu ikajibu. Si pale alipoiweka.

Alifuata anwani ile hadi ndani ya folda ya programu yenyewe. Humo mlikuwa na nakala ya maktaba ya zamani, na pembeni yake faili dogo la maneno machache: "Ya muda. Nitaiondoa wiki ijayo." Tarehe ilikuwa ya miaka tisa nyuma, na mwandishi alikuwa yeye. Kumbe programu ilikuwa ikitazama nyumbani kwake kwanza, ikikuta, haitoki nje. Angejenga maktaba mpya kumi, zote zingelala huko bila kuguswa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo aliivaa mwenyewe.

Aliiondoa ile nakala, akawasha programu upya. Saa nane upepo ulivuma kama kawaida yake. Saa nane na nusu kipimo cha mlimani kikaingia. Saa tisa kikaingia. Hadi saa kumi hakikukosekana hata kimoja. Alifurahi, kisha akaona aibu, kisha akaanza kupiga hesabu za mtu mwenye wiki tano.

Funika kombe mwanaharamu apite. Aliandika ripoti mpya: "Hitilafu ya mitambo imegunduliwa na kurekebishwa." Kila neno lilikuwa kweli. Akaichapisha.

Ijumaa shemeji yake aliingia kikaoni amefunga shati mpaka kifungo cha shingoni, akakaa ukingoni mwa kiti. Mkuu aliisoma ripoti, akamshukuru Bi Waya kwa kazi nzuri, akatangaza kwamba shauri la kumfukuza limekwisha. Watu wakaanza kukusanya kalamu zao.

"Ila," Mkuu akaendelea, "zile barua mbili za onyo zinabaki kwenye jalada. Hatujui hitilafu hii ilianza lini. Huenda mwanzoni alikuwa analala kweli."

Shemeji yake aliitikia kwa kichwa. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya Bi Waya asimame.

"Ilianza siku ile ile antena ilipofungwa," alisema. "Na chanzo ni mimi. Niliweka kitu cha wiki moja, nikakisahau miaka tisa. Halafu nikaandika mitambo ni mizima bila kuifungua. Hajalala hata siku moja."

Mkuu alivua miwani. "Bi Waya, unajua kwamba kikao hiki kinaandikiwa muhtasari?"

"Najua. Ndiyo maana nasema polepole."

Barua mbili zilitolewa jaladani. Ya Bi Waya, ya kwanza katika miaka ishirini na sita, iliahidiwa kuandikwa Jumatatu. Alitoka akamkuta shemeji yake kwenye korido, anafungua kile kifungo cha shingoni.

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi nilishakubali," alisema.

"Umekubali nini?"

"Kwamba nalala. Wewe ndiye unayejua mitambo, nawe uliandika mizima. Nikasema basi, nitakuwa nalala bila kujijua. Mwezi wa nne nikakitoa kiti nje. Toka saa nane mpaka saa kumi nasimama, nahesabu kwa sauti nijisikie niko macho. Hata kwa daktari nilikwenda. Nikiziona zile tarakimu kwenye daftari, mwandiko wangu kabisa, nasema labda nimeziota."

Mtu mmoja akapita na rundo la mafaili, wakampisha.

"Sasa kile kiti," shemeji yake akamuuliza, "naruhusiwa kukirudisha?"

"Kirudishe, shemeji," alisema Bi Waya, na machozi yakamtoka palepale kwenye korido, mchana kweupe, watu wakiona.