Pomboo wa Kitambaa cha Koti la Mvua

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo aliloshona yeye lilidumu hata baada ya gauni lenyewe kugeuka tambara. Alishona tangu ujana wake, hasa sare za shule, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Chumba hicho alikitumia pamoja na fundi suruali, mwanamume mnene mwenye mzaha mwingi. Kwa jinsi walivyozoeana, waligombania pasi yao moja asubuhi, na ikifika saa ya chai waligawana mkate kama watu wa tumbo moja.

Nyumbani aliishi na binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, pamoja na mjukuu wake mmoja. Mjukuu huyo alizaliwa haoni. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika, na hata usingizini alikuwa akijibizana na watu. Mama Pindo alisema siku zote kwamba Mungu hakumnyima mtoto yule kitu, ila alimgawia kwa mpango mwingine.

Taabu ilikuja alipoanza shule. Palikuwa na darasa la watoto wasioona, na mwalimu wao, mwanamke kijana mwenye subira, aliwafundisha kusoma nukta nundu, yale maandishi yaliyoinuka kwenye karatasi ngumu ambayo husomwa kwa vidole. Wenzake walishika. Chiriku alikataa. Si kwamba alishindwa, herufi alizijua zote. Lakini akiwekewa ukurasa alipitisha kidole mara moja, akarudisha mikono mapajani na kuanza kupiga hadithi zake. Akiulizwa kulikoni, alisema nukta hazina habari yoyote. Kila siku ni baba ana kata, mama ana kapu. Kwao baba hayupo, na kata hawana.

Muhula ulikuwa ukingoni. Mama yake Chiriku, ambaye alimpeleka mtoto shule kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye mashuka yake, alianza kuchoka. Jioni moja alisema akiwa amesimama mlangoni, viatu hajavivua.

"Mama, kama hataki kusoma, namburuza wa nini? Bora akae nyumbani nawe."

Mama Pindo alimwonea huruma. Lakini neno lile lilimkaa kifuani. Yeye mwenyewe aliishia shule ya msingi, na alijua jinsi mtoto anavyotolewa shule kwa muda kidogo, na ule muda kidogo unavyokuwa maisha. Usiku ule dua yake ilikuwa fupi: Mola, nionyeshe pa kuanzia.

Kesho yake akaenda kwa mwalimu. Mwalimu akamsimulia kwamba siku moja tu katika muhula ule Chiriku alitulia. Ni siku yeye mwalimu alipowaeleza watoto habari za pomboo, na Chiriku akamwuliza maswali mpaka kengele ikalia. Mwalimu alikuwa na vitabu viwili, kimoja cha pomboo na kingine cha nyangumi, nguva na sili, vyenye picha nzuri sana. Tatizo picha ni za wenye macho.

"Lau kungekuwa na kitu cha kushika, mama," akasema.

Mama Pindo akaomba aazimwe vile vitabu.

Alivisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na kila ukurasa ulimshangaza. Kumbe pomboo si samaki! Damu yake ni ya moto, anavuta hewa kama sisi, anazaa na kunyonyesha, na akishajifungua humsukuma mwanawe juu ya maji apate pumzi yake ya kwanza. Kumbe nguva anakula majani chini ya bahari, taratibu, kama ng'ombe asiye na haraka. Mama Pindo alikifunika kitabu, akakaa nacho mapajani, akamshukuru Mungu aliyekumbuka kuweka maziwa hata kule ndani ya maji ya chumvi.

Asubuhi akaanza kukata. Kitabu chake kingekuwa cha kitambaa, kurasa zake za drili nzito ya sare. Ngozi ya pomboo aliitoa kwenye koti la mvua lililochakaa, kwa sababu kitambaa chake ndicho kilichokuwa laini na chenye kuteleza. Tumboni akamshindilia sponji za mabega ya makoti, apate ule unene wa mafuta, akamshona ukurasani kwa tumbo, mgongo ukiwa juu. Utosini, pale pua ya pomboo ilipo, alimtoboa tundu la kifungo na kulidarizi pembeni. Mtoto wa pomboo alimtengeneza mdogo wa kiganja, akamwekea vifungo vya kubana, ili aweze kubanduliwa ubavuni mwa mama na kurudishwa.

Fundi suruali alimtazama juu ya miwani.

"Dada, umeacha sare za watu sasa unashonea samaki?"

"Huyu si samaki."

"Anaishi majini, ana mapezi, ana mkia, si samaki. Haya, basi na mimi si mnene."

Mama Pindo alicheka mpaka akajichoma sindano. Kazi ikaendelea. Mwalimu naye alichapa sentensi za nukta kwenye karatasi ngumu, na Mama Pindo akazishona chini ya kurasa, kila moja mahali alipoelekezwa.

Siku kitabu kilipokwisha, alimkalisha Chiriku kwenye mkeka, akamwekea magotini. Mtoto akampapasa pomboo kichwani, akashuka mgongoni, akafika mkiani. Hapo akasimama. Akaushika mkia kwa vidole viwili, akauchezesha kushoto na kulia.

"Bibi, huyu samaki."

"Si samaki, mjukuu wangu. Ni pomboo."

"Samaki namjua. Kila mama akiosha samaki namshika. Mkia wake umesimama hivihivi."

Akakisukuma kitabu pembeni, hata kwenye nukta hakufika, akaanza kusimulia habari za paka wa jirani.

Mama Pindo akashika tama. Kilichomuuma si kazi ya mikono yake. Ni kwamba mtoto alikuwa amesogea hatua moja kuelekea kwenye kusoma, na yeye bibi yake ndiye aliyemrudisha nyuma bila kujua kwa nini. Akakifunga kitabu kwenye mfuko, akakipeleka shule.

Mwalimu alimgeuza pomboo huku na huku, kisha akaziba uso kwa mikono akicheka, maana hata yeye alikuwa amemwona kwenye meza ya kushonea siku alipoleta karatasi za nukta, na hakugundua. Akaeleza kwa kiganja. Samaki mkia wake umesimama wima, anaupeleka kulia na kushoto. Pomboo mkia wake umelala, anaupiga juu na chini. Kwenye picha za vitabu pomboo wote walikuwa wamechorwa kwa upande, na Mama Pindo alifanya kama afanyavyo fundi yeyote wa nguo: alikata kipande cha kulia na kipande cha kushoto, akaviunga kwa mshono wa mgongoni. Ukishona hivyo, mkia hauna njia ila kusimama.

"Basi mtoto amesema kweli," akasema Mama Pindo, na moyo wake ukapoa. "Vidole vyake vinaona kuliko macho yetu."

Alirudi chumbani akafumua. Fundi suruali alipoona anahangaika jinsi ya kuulaza mkia, aliacha mzaha, akavuta kiti. Yeye ndiye aliyesema ukatwe kama kola ya shati, tabaka la juu na la chini, halafu ushonewe ukiwa umelala. Wakafanya hivyo pamoja, yeye akishika, Mama Pindo akipiga uzi. Mkia ukatoka mpana, ukapanda na kushuka.

Chiriku hakutaka kukaa tena kwenye mkeka. Alibembelezwa. Alipoufikia mkia mkono ukasita, akauinua, akauachia, akauinua tena. Safari hii hakusema neno, na kwa Chiriku hilo lilikuwa jambo kubwa. Vidole vikapanda mgongoni hadi utosini, kimoja kikazama kwenye tundu.

"Hili tundu la nini, bibi?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Mama Pindo. Akalimeza.

"Limeandikwa hapo chini. Mimi nukta hizo sizijui, mjukuu wangu. Anayefundishwa ni wewe."

Mtoto akanuna. Mama Pindo akaomba kimoyomoyo. Kisha mkono mdogo ukashuka chini ya ukurasa, ukatafuta mwanzo wa mstari, ukaanza kwenda.

"Po-mbo-o... a-na-vu-ta... he-wa... kwa... pu-a... ya... u-to-si-ni." Akarudi mwanzo, akaisoma upya kwa kasi. "Pua iko utosini? Bibi, pua yake iko utosini!"

Akafungua ukurasa mwingine kabla hajaambiwa. Alipokwama aliuliza herufi, bibi akasema hajui, naye akarudia mwenyewe hadi ikamjia.

Mama yake aliporudi jioni alikuta bado anasoma, pomboo mdogo amembandua na kumshika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukitembea juu ya nukta. Chiriku akamsimamisha palepale mlangoni, akamsomea jinsi mama pomboo anavyomnyanyua mwanawe juu ya maji avute pumzi. Alisoma kwa kusuasua, na sentensi moja aliikosea, akaikosoa mwenyewe. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Mfuko wake wa kazini uliteleza begani ukaanguka, hakuuokota.

Mama Pindo aliingia jikoni akijifanya anaangalia jiko, akasimama mbele ya ukuta, akamshukuru Mungu kwa majina yote aliyoyajua, kisha akamshukuru pia kwa mwalimu yule na kwa fundi suruali.

Alipotoka, binti yake alikuwa anapekua kabati.

"Mama, ile sare yake nyingine iko wapi? Nataka niipige pasi ya kesho."

"Iko kwenye kamba," Mama Pindo akajibu. "Pasi nenda kaombe kwa fundi suruali. Leo ni zamu yake kulala nayo."