Nyuzi Kumi na Sita

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa, na nimechoka. Wanafunzi wangu wanaichukia hesabu ya joto, lakini mimi ndiyo iliyonisaidia kumtunza Baba hapa mtaani Umoja. Kisukari kilikuwa kimemaliza hisia zote za miguu yake. Kliniki walinionya: kidonda kimoja tu, na mguu unaweza kukatwa.

Kila jioni nilimwosha miguu kwa maji vuguvugu. Kipimajoto kilipovunjika nikasema, mwalimu mzima nitashindwaje? Lita kumi, mara elfu nne mia mbili, ile namba ya joto la maji, mara nyuzi kumi na sita, yaani kutoka ishirini hadi thelathini na sita. Gawanya kwa wati elfu moja za koili ya umeme ya kupashia maji, unapata dakika kumi na moja na ushee. Mwanzoni niliyajaribu maji kwa kiwiko. Baada ya mwezi nikaacha, maana hesabu haikuwahi kunidanganya.

Januari mifereji ikakauka, kama kawaida ya mtaa huu. Mitungi ya jikoni ilipoisha nikapanda kuchota kwenye tangi jeusi la paani, lililokuwa limeshinda juani. Sikuwaza. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha na kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikatumbukiza koili dakika zilezile, nikaichomoa, nikamwekea Baba karai, nikarudi mezani.

"Maji yako sawa, Baba?" nikauliza bila kugeuka.

"Yako sawa tu, mwanangu. Wewe fanya kazi yako."

Alikaa hivyo karibu robo saa. Nilipomfuta, ngozi ikabaki kwenye taulo. Ndipo nilipotia mkono kwenye karai na kuutoa mbio. Maji yalikuwa yameanzia nyuzi thelathini na kitu, si ishirini. Mwanafunzi akikosea hivyo mimi humkata alama bila huruma.

Hospitalini daktari aliuliza kama maji yalikuwa moto. Nilifungua mdomo, Baba akanitangulia.

"Si maji, daktari. Huyu ni mwalimu, maji yangu anayapima kwa hesabu. Hawezi kukosea. Labda nilikanyaga kitu."

Alisema kwa fahari kabisa. Daktari akaandika, nami, aibu yangu, nikanyamaza.

Mguu wa kushoto ulikatwa. Hadi leo wageni wakimuuliza, huwaambia alikanyaga kitu, na mimi huinuka nikaenda jikoni kupika chai.